Nusu Ina Hoho, Nusu Haina

"Mimi nilioa mwanamke, sikuoa friza!"

Hivyo ndivyo mume wangu alivyonipokea Jumanne ile, hata viatu vya kazini sijavua. Simu yake ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya juu, na upande wa pili mama yake mzazi anasikiliza kila neno.

"Unasikia, Mama?" akaiambia simu. "Ndiyo kwanza anaingia. Na mezani hakuna kitu."

"Kwenye friza kuna pizza sita," nikasema. "Na madonge manne ya unga. Washa oveni, robo saa unakula."

"Umesikia, Mama? Barafu! Kila siku mimi ni mtu wa barafu!"

Sauti ya mama mkwe ikatoka, nzito, ya mtu aliyekwisha kuhukumu.

"Mkwe wangu, mimi baba yao nilimpikia miaka thelathini na mbili. Kila siku moto mpya. Sikumwekea hata siku moja chakula kilichoandikwa tarehe kama chupa ya dawa."

"Mama, mimi nafanya zamu. Kuna siku natoka hapa alfajiri, kuna siku nalala huko huko."

"Basi acha zamu."

Nikamtazama mume wangu nikitegemea atasema neno. Akatazama dari, kana kwamba kuna friji linavuja huko juu.

"Jumapili Mama anakuja na Baba Mdogo," akasema. "Uwe na jibu. Kazi au ndoa. Chagua kimoja."

Akachukua simu yake akaingia chumbani. Nikabaki nimesimama na mkoba begani.

Sasa ngoja niwaeleze, mpate kujua kwa nini nilitaka kupasuka. Mimi ni nesi. Nafunga vidonda kwenye zahanati, mwaka wa tisa sasa, na kazi hiyo niliipenda kabla sijampenda mwanamume yeyote. Mume wangu ni fundi wa mafriji, mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Na hiyo friza anayoitukana aliileta yeye mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, akaipiga kofi mgongoni akasema, "Mke wangu, hii ndiyo zawadi yangu kwako. Usije ukateseka na jiko ukitoka kazini." Mtu anayekula kwa sababu ya mafriji, analala kwa sababu ya mafriji, leo anasema chakula cha friza si chakula!

Na wala msidhani nilikuwa nagandisha ovyo. Siku yangu ya mapumziko nzima inaishia jikoni. Nakanda unga na hamira, nauacha uumuke mpaka uwe mara mbili yake, naukandamiza hewa itoke, naukata madonge. Mengine nayapaka mafuta, nayafunga kwenye mifuko, yanaingia friza kama yalivyo. Mengine nayasukuma, nayapika nusu kuiva, nayaacha yapoe kabisa, maana ukifunga kitu kikiwa na joto kinatoa jasho, na jasho hilo ndilo linalokuwa barafu. Kisha nyanya, jibini na nyama ya kusaga. Naigandisha pizza wazi kwenye trei mpaka iwe ngumu, ndipo naifunga na kuiandika tarehe. Siku ya kula huhitaji kuiyeyusha. Inatoka friza inaingia oveni yenye moto mkali.

Na kila pizza, bila kukosa hata moja, nusu yake naweka pilipili hoho na nusu nyingine siweki. Mimi napenda hoho. Yeye hata harufu yake hataki. Wiki ya kwanza ya ndoa tuligombana kuhusu hoho mpaka tukacheka wenyewe, nikamwambia, "Baba, tugawane sahani. Mapenzi si kulazimishana." Tangu siku hiyo nikawa nachora mstari wa jibini katikati, hoho zangu zisivuke mpaka.

Miezi ya karibuni pizza zikawa zinaisha upesi. Naweka nane Jumapili, Alhamisi nakuta mbili. Nilipomuuliza alinijibu, "Nakula kwa upweke, mke wangu. Mtu akiwa peke yake anakula mara mbili." Moyo ukaniuma. Mjinga mimi nikaongeza unga, nikawa natengeneza kumi na mbili.

Jumatano nikaenda kwa mkuu wetu wa wauguzi kumwuliza barua ya kuacha kazi inaandikwaje. Akanitazama juu ya miwani.

"Umepata kazi nyingine?"

"Hapana. Nataka kuokoa ndoa."

"Ndoa inazama kwa sababu ya zamu?"

"Kwa sababu ya pizza."

Akavua miwani kabisa.

"Andika kama unataka kuandika. Ila usiniletee kabla ya Jumatatu. Watu wakiwa na hasira wanaandika barua nzuri sana, halafu wanakuja kulia hapa."

Nikaiandika. Sitawadanganya, niliiandika na nikaitia sahihi. Nilikuwa namwachia mume wangu kazi yangu ya miaka tisa, kwa kuwa nilimpenda na nilidhani kweli anashinda na njaa.

Alhamisi asubuhi akaingia binti mmoja kwenye chumba changu cha vidonda, mrefu, amevaa vizuri, kanda ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Mkono wa kulia ameushika hewani. Kiganja kizima kimepakwa kitu cheupe.

"Umeungua na nini, mdogo wangu?"

"Trei ya oveni, sista. Nimeishika na kitambaa kibichi."

"Na hiki cheupe ni nini?"

"Dawa ya meno."

"Nani kakutuma upake dawa ya meno?"

"Mchumba wangu. Nilimpigia simu nikilia, akasema nipake hiyo inatoa joto."

"Mchumba wako ni daktari?"

"Hapana," akacheka katikati ya machozi. "Ni fundi wa mafriji."

Mafundi wa mafriji ni wengi duniani. Nikafungua bomba, nikauweka mkono wake chini ya maji, nikaanza kuisafisha ile dawa ya meno polepole, nisiyapasue malengelenge. Yeye akawa anaongea. Watu wenye maumivu huongea sana, na sisi manesi tunawaacha, inawasaidia.

"Mimi nashona magauni ya harusi, sista. Sasa hivi nashona la kwangu. Mwezi ujao. Na mkono ndio huu!"

"Utapona. Ulikuwa unapika nini?"

"Wala sikupika mimi. Anapika yeye! Ndicho kilichonimaliza. Alikuja kutengeneza friji langu, kesho yake akarudi na pizza aliyoitengeneza kwa mikono yake. Ameigandisha, ameifunga, ameiandika na tarehe. Sista, umewahi kuona mwanamume akamjali mtu hivyo?"

"Bado," nikasema.

"Kila wiki ananijazia. Ananiambia, ukichoka na cherehani usihangaike, washa oveni moto mkali, iingize hivyo hivyo, usiiyeyushe. Halafu jambo moja linalonitoa machozi kabisa. Yeye hapendi hoho, mimi napenda. Basi kila pizza anaigawa. Nusu ina hoho, nusu haina. Anasema mapenzi si kulazimishana."

Mikono yangu ikasimama.

Jamani, kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayokaa kimya ikavuta kiti. Hii ilikuwa ya pili. Maneno yangu! Maneno niliyoyasema kwenye meza yangu, wiki ya kwanza ya ndoa yangu, yamefungwa na pizza yangu yakapelekwa kwa mtu mwingine!

"Sista, mbona umenyamaza?"

"Naangalia kidonda."

Nikamaliza kazi. Nilimpaka dawa, nikamfunga bendeji vizuri, kidole kimoja kimoja, maana kidonda hakikuwa na kosa lolote. Kisha nikakaa nikaandika kadi yake: jina la dawa, tarehe ya leo, tarehe ya kurudi. Nikamkabidhi.

Akaitazama ile kadi. Akaitazama tena.

"Sista, saba yako unaikata mstari katikati."

"Ndiyo. Tangu shuleni."

Akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akahangaika, akafungua picha. Pizza iko juu ya meza yake ya kushonea, imefungwa, na karatasi yangu iko juu. Tarehe kumi na saba. Saba imekatwa katikati.

"Kumbe wewe ndiye dada yake!" akasema, uso umemng'aa. "Yule dada nesi!"

"Dada wa nani?"

"Wa mchumba wangu. Aliniambia anaishi na dada yake mkubwa, mkali sana, hataki wageni. Ndiyo maana sijawahi kufika kwenu. Kumbe na wewe unamsaidia kuandika tarehe!"

Dada! Kitanda kimoja miaka mitano, leo nimekuwa dada mkubwa mkali!

"Mdogo wangu," nikasema, "kaa chini."

"Kuna nini?"

"Kwetu hakuna mwanamume anayepika. Pizza hizo nazikanda mimi. Hoho hizo ni zangu. Na mimi si dada yake. Mimi ni mke wake."

Akakaa. Nikadhani atabisha, atanitukana, maana nimewahi kuona wanawake wakitukanana kwa ajili ya mtu asiyestahili hata salamu. Hakubisha. Alitazama picha, akatazama kadi, machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nipe dakika moja," akasema. "Nataka nimsikie mwenyewe."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

"Malaika wangu!" Sauti ya mume wangu, laini kama samli. Mimi sijaisikia sauti hiyo tangu mwaka wa pili wa ndoa. "Mkono unaendeleaje?"

"Nimefungwa bendeji. Uko wapi?"

"Niko jikoni, mpenzi. Nimejaa unga mpaka kwenye nyusi. Nakukandia nyingine uje upate nguvu."

Nyuma yake kulikuwa na mlio wa nyundo, na mtu anauliza, "Fundi, gesi ya hili friji unaweka leo au kesho?"

"Nani huyo?" binti akauliza.

"Redio," akajibu mume wangu, akakata.

Nikatoa simu yangu, nikamwandikia: "Uko wapi, mume wangu?"

Jibu halikuchukua hata dakika: "Kazini. Sijatia kitu mdomoni tangu jana. Ndiyo maisha uliyonichagulia."

Nikampa binti asome. Akasoma, akajifuta machozi kwa bendeji mpya.

"Sista, sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingenisifia hoho zangu."

Akacheka bila kupenda, kisha akalia tena.

"Nifanye nini?"

"Mkono usiuloweshe, hilo la kwanza. La pili, Jumapili saa tisa alasiri ukipenda njoo nyumbani kwangu. Mimi nashitakiwa siku hiyo, na shahidi sina."

Siku tatu zile sijui nilizipitaje. Mume wangu alirudi jioni ile akaomba pizza, nikampashia. Akala nusu isiyo na hoho, akafuta mdomo, akasema, "Si mbaya. Ingawa ni barafu." Ijumaa asubuhi nikamsikia anafungua friza taratibu, akidhani nimelala. Nikamwacha atie zilizobaki kwenye boksi lake. Za mwizi ni arobaini, na mimi nilikuwa nahesabu ya thelathini na nane.

Jumapili wakaja. Mama mkwe amejifunga kitambaa kichwani cha siku za mambo mazito. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba mkwe, mwalimu mstaafu, yeye alikuja na tumbo lake tupu na hakuficha. Nikatoa friza pizza mbili nilizozigandisha jana yake, nikaziingiza oveni, robo saa nikaweka mezani. Baba Mdogo akavuta kipande kabla hata dua haijaisha.

"Mwenye lalamiko aseme," akasema, mdomo umejaa.

Mume wangu akakohoa. Alikuwa amevaa shati jeupe, amejipanga.

"Baba Mdogo, Mama, mimi nateseka. Mke wangu hayupo nyumbani. Akiwepo, amelala. Chakula changu ni barafu. Miezi sita sasa sili. Narudi kazini nakunywa maji nalala. Nimemwambia achague, kazi au mimi."

"Miezi sita huli?" Baba Mdogo akauliza, akichukua kipande cha pili.

"Sili. Siwezi kula vitu vya friza."

"Umenenepa lakini."

"Ni mawazo, Baba Mdogo."

Mama mkwe akanigeukia.

"Mkwe wangu, sina chuki na wewe. Ila mwanangu nimemzaa mimi, siwezi kumwona analala njaa nikanyamaza. Mwanamke jiko. Una jibu gani?"

"Jibu ninalo, Mama. Ila naomba nimwulize mwanao maswali mawili kwanza."

"Uliza," akasema Baba Mdogo.

"Mume wangu, umesema miezi sita huli pizza zangu."

"Sili!"

"Kila Jumapili naweka pizza kumi na mbili. Kila Alhamisi zimebaki mbili. Mimi kwa wiki nakula moja. Nani anakula zile nyingine?"

Mama mkwe akageuza shingo kumtazama mwanawe, taratibu.

"Zina... zinaharibika," akasema mume wangu. "Natupa."

"Kwenye friza?" Baba Mdogo akaacha kutafuna. "Wewe si ndiye fundi? Friza yako mwenyewe inaharibu chakula kwa siku nne?"

"Umeme unakatika..."

"Swali la pili," nikasema, lakini hodi ikabishwa mlangoni.

Nikaufungua mlango mwenyewe. Binti akaingia, mkono wa kulia umefungwa bendeji, kichwa juu. Akawasalimia wakubwa kwa heshima, "Shikamoo Mama, shikamoo Baba," na kisha akamtazama mume wangu. Hakumsalimia.

Mume wangu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Huyu ni mteja!" akasema kabla hajaulizwa. "Mteja wangu. Nilimtengenezea friji."

"Karibu, binti," akasema mama mkwe, bado hajaelewa. "Umekuja kwa sababu ya friji?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kumwona dada yake mkubwa. Mchumba wangu aliniambia anaishi na dada yake, mkali, hataki wageni. Nikaona kabla ya harusi ya mwezi ujao ni adabu nije nimsalimie."

"Mchumba wako nani?"

Akanyoosha mkono wenye bendeji.

Mama mkwe akafunga macho. Baba Mdogo akarudisha kipande mezani.

"Mama, usiwasikilize!" mume wangu akapiga kelele. "Wamepanga hawa! Wamekula njama!"

"Njama tumekula wapi?" nikamwuliza. "Tumekula pizza. Yeye kwake, mimi kwangu, mpishi mmoja."

"Mama, ananiletea pizza kila wiki," binti akaendelea, sauti inamtetemeka lakini haikatiki. "Anasema anakanda mwenyewe. Hoho nusu, nusu haina. Kama hizo zilizo mezani."

Wote wakatazama meza. Mstari wa jibini ulikuwa bado unaonekana katikati, hoho upande mmoja, upande wa pili mweupe.

Mama mkwe alikuwa bado ana tumaini moja dogo, niliona analishika kwa mikono miwili.

"Huenda mwanangu kweli anapika," akasema. "Huenda anajificha tu, wanaume wanaona aibu. Mwanangu, unapika?"

"Napika, Mama." Akaukamata ule mlango uliofunguliwa. "Napika! Ndiyo siri yangu. Mke wangu hayupo, ningefanya nini? Nakanda mwenyewe!"

"Vizuri," akasema Baba Mdogo, na ualimu ukamrudia. "Tufundishe basi. Unga ukishaukanda unafanyaje?"

"Naweka friza."

"Pale pale?"

"Pale pale."

"Na unaumuka saa ngapi?"

"Unaumukia humo humo," akasema mume wangu, kwa uhakika kabisa. "Ndani ya friza. Unaacha usiku kucha, asubuhi umeumuka."

Baba Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe fundi wa baridi! Mtaa mzima unakuita Fundi Baridi! Hujui baridi inalaza kila kitu? Hamira ndani ya friza haiumuki, inalala usingizi kama wewe darasani kwangu!"

Binti naye alicheka, kicheko kifupi kilichokatika njiani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri zamu yangu.

Mume wangu akashuka kitini, akapiga magoti mbele yangu.

"Mke wangu, nisamehe. Ni shetani."

"Shetani ndiye aliyefungua friza yangu Ijumaa? Shetani ana boksi la kubebea?"

"Nilipitiwa. Ni vipizza tu, mke wangu. Ni chakula tu!"

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilikuwa nimejizuia tangu Alhamisi, nikajizuia mbele ya wakwe, lakini hilo neno "tu" lilinitoa mle nilimokuwa nimejifungia.

"Chakula tu? Siku yangu moja ya kupumzika katika wiki nasimama jikoni mpaka miguu inavimba, ili wewe usilale njaa! Ungechukua chakula changu ukampa mwanamke mwingine, ningelia, ningekasirika, labda mwaka ungepita nikasamehe. Lakini wewe ulikichukua kwangu ukakiita barafu, ukakifikisha kwake ukakiita mapenzi! Mikono ile ile, unga ule ule! Kwa mama yako mimi ni mvivu, kwake wewe ni mpishi! Na juu ya hayo unataka niache kazi nikae hapa nikukandie zaidi, upeleke zaidi! Niambie, mimi ni mke wako au kiwanda chako?"

Sikumngoja ajibu.

"Jibu langu ulilolitaka ni hili," nikasema. "Kazi siachi. Wewe ndiye nakuacha."

Binti akavua pete ndogo kidole cha mkono wa kushoto, akaiweka mezani kando ya sahani.

"Gauni litamfaa mteja mwingine," akasema. "Mimi nina vipimo vya watu wengi." Akaniaga mimi na wakubwa, akatoka.

Nilijua mama mkwe anavyompenda mwanawe, na nikajiandaa kusikia la kumtetea, la "wanaume ndivyo walivyo". Akainuka, akakikaza kitambaa chake.

"Mkwe wangu," akasema, "nilikuhukumu kwenye simu. Maneno yale nayarudisha, mbele ya shemeji yangu, yasikike." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe, chukua nguo zako. Twende kwangu."

"Mama, hapa ni kwangu!"

"Umesema hapa umelala njaa miezi sita. Njoo kwangu ambako kuna moto mpya kila siku." Akafika mlangoni, akageuka. "Ila moto huo utauwasha mwenyewe. Si unapika?"

Wakaondoka. Baba Mdogo alikuwa wa mwisho. Aliomba samahani kwa niaba ya ukoo, akaomba pia afungiwe kile kipande kilichobaki, nikamfungia.

Jumatatu nilimkuta mkuu wa wauguzi mlangoni, ameshika kikombe cha chai.

"Umeniletea barua?"

"Sijaleta."

"Na ndoa?"

"Nayo sijaleta."

Akanipigapiga bega, akanipa faili la wagonjwa.

Mume wangu alipiga simu mara nyingi wiki ile. Sikupokea. Akaandika ujumbe wa kuomba msamaha, mwingine wa lawama, mwingine wa kuumwa kifua. Baba Mdogo akaniambia tutakaa tena kuyamaliza mambo kwa karatasi, bila kelele, na nikakubali. Nililia pia, msidhani mimi ni jiwe. Siku moja nilitengeneza pizza nzima yenye hoho pande zote, nikashindwa kuila.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikiwa nimevaa gauni langu jeupe la kazi na wagonjwa wamejipanga kwenye benchi nje, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwake.

"Mke wangu, samahani kukusumbua. Mama amegoma kabisa kunipikia. Nimenunua unga kilo mbili na hamira. Naomba unitumie vipimo, maji kiasi gani, hamira kiasi gani. Nina njaa kweli safari hii."

Nikausoma mara mbili. Waliosema usitukane wakunga na uzazi ungalipo hawakukosea. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane niliamini kwamba mume wangu ana njaa, na haikunigusa.

Nikamwandikia: "Vipimo ninavyo mimi, na mimi niko kazini."

Nikaitia simu kwenye droo, nikafungua mlango.

"Wa kwanza nani? Karibu ndani."